Mashine Thelathini Zenye Jina Moja

Jumatatu, 9 Juni

Chuo kinataka kompyuta pepe thelathini zenye mfumo wa Linux kwa mtihani wa Ijumaa. Pepe, kwa sababu hazishikiki. Zote zinaishi ndani ya ile kompyuta kubwa inayonguruma chumba cha pili. Mwenzangu, tunayemwita Bi Daftari kwa kuwa haachi kuandika, ameanza kuziandaa kwa mkono. Moja moja. Mashine inauliza: lugha gani, saa za wapi, diski ipi, jina nani. Anajibu, ananukuu. Nimejizuia kucheka. Mimi nitaandika faili la majibu, mashine zijisomee na kujiandaa zenyewe. Nimemwambia Mkuu wa Kitengo, mbele ya watu, kwamba Jumatano nitabonyeza kitufe kimoja tu. Nafasi ya msaidizi wake iko wazi. Bi Daftari akauliza kama nitaanza na moja ya majaribio. Dharau iliyoje.

Jumanne, 10 Juni

Faili tayari. Penye jina la mashine nimeandika Gwiji, ili kila atakayeifungua ajue kazi ni ya nani. Nenosiri nimeweka neno la heshima: mtaalamu. Kompyuta imelifumba likawa msururu wa herufi nisioweza kuusoma hata mimi. Usalama kwanza. Mke wangu, akimenya viazi, akauliza kwa nini nisijaribu moja kwanza. Nikamwambia huu si mchuzi wa kuonjwa chumvi. Au naye ameongea na Bi Daftari?

Jumatano, 11 Juni

Nimebonyeza saa nne asubuhi. Saa tano kasoro robo, mashine thelathini ziko wima. Mkuu akaja na walimu sita waliotaka kuingiza maswali. Akanipa mkono. Kisha akaomba nifungue moja. Nenosiri likakataa. Nikaandika taratibu, kidole kimoja. Likakataa. Nikalaumu kibodi. Walimu wakakaa mikono mapajani kama wanaosubiri kung'olewa meno.

"Kaka," akasema Bi Daftari kwa upole wa kuudhi, "uliandika mtaalamu au mtaalam?"

Mtaalam. Bila u. Mashine zikafunguka, na hapo ndipo mtandao ulipogoma. Magwiji thelathini wanaitika kwa jina moja, hakuna anayejua ujumbe apelekewe nani. Mkuu akaondoka na walimu wake bila kuaga.

Alhamisi, 12 Juni

Tusi jipya. Kumbe Bi Daftari aliandaa zile chache kwa mkono ili akusanye maswali yote ambayo mashine huuliza, apate kuandika faili lake mwenyewe. Amelijaribu kwa mashine moja. Likakubali. Kabla ya chai, zote thelathini zilikuwa tayari, kila moja na jina lake. Nikamwambia hilo lilikuwa wazo langu. Akasema ni kweli, akaliandika kwenye daftari. Mtu wa namna hii utagombana naye vipi?

Ijumaa, 13 Juni

Mtihani umekwenda salama. Nafasi ya msaidizi amepewa Bi Daftari. Sina kinyongo, ila nimegeuza meza yangu itazame ukuta. Mkuu ameniagiza niwaombe radhi wale walimu sita, kila mmoja kwa barua yake. Barua sita, nikae nizichape moja moja kama sina akili. Nimetunga moja, nikaacha pengo la jina, kompyuta ijaze kutoka orodha ya chuo na kutuma yenyewe. Nimeshabonyeza. Inasema imewafikia watu mia tisa na kumi na wawili. Wale sita, bila shaka, wamo humo.