Nishani Iliyokwenda Mutomo

Jumatatu, 3 Juni 1974

Miezi mitano tangu nitoke Mutomo. Mgongo unasema ni zaidi.

Leo tumefikisha ukuta wa maktaba kwenye madirisha. Tumefikisha, maana yake fundi Yakub amepanga mawe na mimi nimebeba kila kilichopangwa. Shule nzima itasomea juu ya mgongo wangu. Hakuna atakayesema asante.

Jambo zuri ni moja. Vitabu vya maktaba vimefika kabla ya maktaba! Masanduku mazito kutoka kwa watu wema wa ng'ambo. Yamewekwa stoo pamoja na saruji, na mlinzi wa stoo ni mimi. Kwa hiyo mimi ndiye msomaji wa kwanza wa maktaba hii.

Leo nimesoma cha jiografia. Kinasema mto ni maji yanayotiririka kwenda baharini. Mwandishi huyu hajafika Ukambani. Mto ni mchanga. Maji unayachimbua. Ndivyo nilivyomjibu Bwana Mwangangi, mwalimu mkuu, Januari, nilipokuja kujaribu mtihani wa kuingia kidato cha pili. Alinitazama sana. Kisha akasema fundi anatafuta mtu wa mkono, wa kumbebea mawe.

Nyumbani sikuandika hayo. Niliandika kwamba nimepokelewa katika shule ya sekondari karibu na Emali, naamshwa na kengele, nakula muthokoi wa mahindi na maharage, nasoma vitabu. Yote kweli tupu! Mama akaipeleka barua kanisani ikasomwa mbele ya kina mama. Wakaimba. Tangu siku hiyo mimi ni mwanafunzi. Mimi sikusema. Wamesema wao.

Alhamisi, 6 Juni

Msiba! Barua kutoka nyumbani. Mama anakuja siku ya wazazi, Jumamosi ya wiki ijayo. Anakuja na shangazi Kalondu.

Mama peke yake ningemweza. Shangazi Kalondu haamini kitu. Nilipokuwa mchungaji, jioni aliwahesabu mbuzi mara mbili, na nafikiri kisha aliwauliza mbuzi wenyewe. Sasa amewaambia kina mama wa kanisa kwamba mimi, Ndolo, sijawahi kushika jembe nikamaliza mtaro mmoja, itakuwa kalamu? Mama amesimama mbele yao wote akaapa: kama mwanangu si mwanafunzi, sitaongoza tena wimbo katika kanisa hili.

Mama ameongoza wimbo tangu kabla sijazaliwa. Mama bila wimbo ni nani?

Nimemweleza fundi Yakub. Yeye ni mtu wa mjini Kitui, babu yake alitoka Pwani, na anaamini Kiswahili kilifika Ukambani mgongoni mwa babu huyo. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Akasema, mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia kutoka Mutomo mpaka hapa si fupi hata kidogo, awaulize wenye lori. Akasema Kiswahili changu kimekatwa kwa panga, lakini ameapa atanyamaza.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata mpango. Kwanza sare.

Mwenye mwili unaokaribia wangu shule nzima ni mmoja tu: Kilonzo, kiranja mkuu, kidato cha nne. Adui yangu! Huniita Bwana Karai. Hupita na viatu vyake vinavyong'aa pale pale ninapokoroga saruji, halafu hulalamika kwamba kuna vumbi.

Yeye ndiye mwenye diski. Nieleze, maana nikizeeka nitasahau upuuzi huu. Diski ni kifuniko cha mkebe wa rangi ya viatu, kimesuguliwa kikang'aa, kikatiwa kamba. Ziko mbili, zimeandikwa 1 na 2 kwa rangi nyekundu. Ndani ya ua ni Kiingereza peke yake. Mwenye sare akisikika na Kikamba, anavishwa diski shingoni, na hatoki nayo mpaka amnase mwenzake. Atakayelala nayo mpaka paredi ya Jumatatu anafyeka nyasi. Nyasi gani? Hapa hakuna nyasi. Anafyeka vumbi.

Wanafunzi wamekuwa mabubu. Mezani wanaombana chumvi kwa vidole. Jana mmoja aliumwa na nge akanyamaza kwanza, akitafuta neno.

Lakini Kilonzo ana udhaifu. Aliniona dirishani nikisoma hadithi ya karani mmoja wa Uingereza anayempenda msichana kurasa mia tatu bila kumwambia. Chai nyingi. Mvua nyingi. Kwetu wazee wangekuwa wamepeleka mbuzi watatu kabla ya ukurasa wa kumi, na watu wangerudi shambani. Hata hivyo niliisoma kwa moyo wote. Karani yule ananihusu. Naye hupanga mambo sana.

Kilonzo alisimama pale akimeza mate. Akaniita Bwana Ndolo! Tumekubaliana: yeye achukue kitabu, mimi nichukue koti, suruali na tai kwa Jumamosi moja. Ameniamuru nisitoe jasho ndani ya koti. Nami nimemwamuru asikunje kurasa.

Sikumwambia kwamba mchwa wamekula mwisho wa kitabu.

Alhamisi, 13 Juni

Mikono! Saruji imeipasua kama shamba la Septemba. Shangazi atatazama mikono kabla ya uso.

Mumbua mpishi alinipa mafuta ya kupikia. Nikapaka, nikafunga matambara, nikalala. Siafu wakanusa. Sasa mikono ina nyufa na pia imevimba. Fundi Yakub akasema ni mihogo.

Nikawaza: mwanafunzi ana wino kidoleni. Nikatia wino kidogo. Ukaingia kwenye nyufa na kutembea. Sasa mkono wa kulia ni wa buluu mpaka kiganjani. Nafanana na mtu aliyeinyonga kalamu.

Jumamosi, 15 Juni

Bado sijalala. Lakini kwa raha!

Walifika asubuhi, wamejaa vumbi la lori, mama na kitete, kibuyu cha uji, begani. Alinishika uso kwa mikono miwili akalia. Suruali ya Kilonzo inaishia juu ya kifundo. Mama akasema, tazameni, amerefuka! Shangazi Kalondu akasema mtu wa miaka ishirini na tatu harefuki, labda suruali imenywea.

Akaanza maswali. Darasa lako liko wapi? Nikamwonyesha. Mwalimu wako ni yupi? Nikamwonyesha Bwana Mwangangi kwa mbali, mgongo tu. Unasoma nini? Hapo nikapata nguvu! Niliwapa mito ya Ulaya, wafalme waliokatwa vichwa, karani na chai yake. Mama akawa anasema amina baada ya kila mfalme. Hata shangazi alisogea karibu, akauliza yule msichana mwisho aliolewa? Nikasema bado hatujafika huko darasani.

Ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeshinda. Tukapita kando ya maktaba.

Fundi Yakub alikuwa akiwaonyesha wazazi ukuta. Alikuwa ameapa, na nafikiri alikusudia kutimiza. Lakini jiwe likamcheza mkononi, na mdomo wake ukafanya ulivyozoea. "Ndolo! Karai!"

Miguu yangu ilisikia kabla ya masikio. Akili iliponifikia nilikuwa katikati ya ua, karai kichwani, koti la Kilonzo limepata saruji begani.

Nikageuka. Mama ameduwaa. Shangazi ameshika kiuno. Akauliza kwa Kikamba, polepole, mbona fundi wa watu anajua jina la mwanafunzi? Nami nikajibu kwa Kikamba, haraka, kwa sauti, nikaapa kwa Mungu na kwa babu yangu na kwa ng'ombe wetu yule mweupe.

Ndipo Kilonzo akatokea kwenye kona, shati tu, beji ya kiranja mkuu kifuani.

Aliona koti lenye nembo ya shule. Alisikia Kikamba kikitoka ndani yake. Sidhani aliniona mimi. Mkono wake ulifanya kama miguu yangu. Akachomoa diski mfukoni akanivisha shingoni. Baadaye ndipo akatambua ni koti la nani na limevaliwa na nani. Tukatazamana.

Shangazi alishika lile bati. Likang'aa juani. Akaona 1. Akaniuliza, hii nini?

Nilifungua kinywa. Mama ndiye aliyejibu.

"Kalondu, wewe ni kipofu? Ni namba moja! Mkubwa wa wanafunzi mwenyewe amemvisha mbele ya watu!"

Akapiga vigelegele. Mama anayeongoza wimbo akipiga vigelegele, vinasikika mpaka relini. Wanawake wengine wakamsaidia. Mmoja, aliyetoka Kwa Vonza, akamtazama mwanawe kwa hasira, kwamba yeye amepata nini. Akamwona na kamba shingoni. Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa namba 2. Akaanza kuruka! Kijana yule alitamani ardhi imle.

Bwana Mwangangi akaja kuona furaha imetoka wapi. Nikasema moyoni, basi, leo narudi Mutomo na karai langu.

Mama akamshika mikono, akamshukuru kwa Kikamba kirefu. Kwa chakula, kwa kengele, kwa wafalme. Bwana Mwangangi akanitazama. Akaona koti. Akaona bati. Akaona mkono wa buluu. Kinywa kikafunguka, na nikaona Kikamba kimefika mpaka menoni. Lakini sheria ni yake mwenyewe! Aliipigia ngumi mezani. Wanafunzi wote walikuwa wakimsubiri ateleze, kwa hamu kubwa. Akameza. Akasema kwa Kiingereza maneno machache tu, kwamba mimi hufanya kazi kwa bidii.

Mama akaniuliza mwalimu amesemaje. Nikamtafsiria kwamba tangu shule hii ijengwe hawajapata mtu kama mimi.

Bwana Mwangangi alikohoa, akaenda zake. Mungu ambariki.

Mama akanivua diski. Akaifunga kwenye pindo la leso, fundo mara mbili, ili kina mama waione. Kilonzo alifungua kinywa. Akaona mama alivyofunga lile fundo. Akakifunga.

Wakati wa kuagana shangazi Kalondu alinishika mkono. Akaugeuza. Akapitisha kidole juu ya nyufa, moja moja, kama anayehesabu mbuzi. Nikangoja.

Akasema, "Kalamu za siku hizi ni nzito."

Kisha akasema atawaambia kina mama alichokiona kwa macho yake: sare, bati, na mikono ambayo mwishowe imeshika kazi. Mama hakusikia. Alikuwa tayari anaimba.

Jumatatu, 17 Juni

Paredi bila diski. Namba 1 iko Mutomo, namba 2 imekwenda Kwa Vonza. Hakuna mwenye sheria mkononi. Shule nzima inazungumza! Kelele! Mezani mtu anaomba chumvi, anapewa chumvi na habari za kwao. Wanafunzi wananipungia mkono. Mmoja amenisaidia kubeba mchanga, mpaka kwenye kona.

Bwana Mwangangi akaniita ofisini. Nilimuaga fundi Yakub kabisa. Nikaiaga saruji.

Hakunifukuza! Alisema maktaba lazima iishe Novemba na mtu mwingine wa mkono hana. Alisema aliyevishwa diski hufyeka, kwa hiyo nitafyeka. Alisema nitengeneze diski mpya, kwa sababu za zamani zimepotelea kwangu. Halafu akatazama dirishani, akasema kama napenda vitabu kiasi hicho, jioni naweza kukaa nyuma ya kidato cha pili, nianze na jiografia, halafu Januari nijaribu mtihani tena.

Nimemwambia asante, jiografia nimeshamaliza.

Jioni Kilonzo amekuja mbio. Si kwa ajili ya koti. Amefika penye mchwa! Macho mekundu. Ananiuliza, karani alisema au hakusema? Nimemwambia mwisho naujua wote, nitamsimulia kidogo kidogo, Jumamosi kwa Jumamosi, na koti lisiende mbali. Mwisho siujui. Lakini mbuzi watatu watapelekwa.

Jumapili, 30 Juni

Barua! Mama ameongoza wimbo na diski shingoni. Kanisa zima limeigusa. Shangazi Kalondu amesimama akashuhudia, na alipokaa, anasema mama, alikuwa anacheka peke yake. Sijui kwa nini.

Nimeisoma mara tatu nikalala chali juu ya saruji. Mzigo umetoka! Sasa nitaishi vizuri, bila mipango.

Kuna habari nyingine mwishoni. Mama amewaeleza kina mama jinsi nilivyotafsiri Kiingereza cha mwalimu mkuu bila kusitasita. Desemba atakuja mgeni Mzungu kuhubiri, na mkalimani wao amehamia Mwingi. Wamepiga kura. Nitasimama mimi mimbarini, namba moja.

Nimejibu leo leo kwamba ni sawa.

Hakuna shida. Kamusi kubwa ya Kiingereza ninayo, ndiyo mto wangu wa kulalia. Imebaki kuifungua. Na vifuniko vya diski nimekata vitatu. Viwili ni vya shule. Cha tatu nimekisugua zaidi, nikakiandika 1 kubwa.

Mwisho wa barua nimeandika: narudi Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Waambieni wachinje.