Nta Ndani ya Njuga

Jumanne, 22 ya mwezi wa Chaitra

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nilimuuliza umebakiza siku ngapi. Akaniuliza umri wangu. Themanini na moja. Akafunga kitabu chake.

Basi. Kabla sijachomwa kando ya mto, lazima nimwambie Pelaram ukweli.

Ukweli wenyewe huu. Miaka hamsini na tatu iliyopita tulishindania njuga ya kiongozi wa raibenshe, ngoma ya vita ya babu zetu. Mwamuzi huwapa wachezaji mgongo, akisikiliza tu njuga iliyofungwa mguu wa kulia. Vitani, aliyekosa pigo humuua mwenzake. Mimi nilipenyeza nta kwenye njuga ya Pelaram. Mguu wake ukawa bubu. Nikavishwa uongozi. Yeye akaenda kufyatua matofali.

Jumatano, 23 Chaitra

Hila: nikiri kwa barua, isomwe nikishakuwa majivu. Nimeandika kurasa nne. Nimezisoma tena. Tatu na nusu zinanisifu. Nimezichana.

Jioni alikuja Shibani, mjukuu wa Pelaram. Anataka kushindana na mjukuu wangu Tapan. Njuga ya kiongozi itapata mwenyewe Jumapili, na mwamuzi ni mimi, kiongozi mstaafu. Nilimwambia kiongozi hucheza amesimama juu ya mabega ya wanaume, na hiyo si kazi ya msichana. Akasema, "Babu, si utakuwa umenipa mgongo? Utajuaje mguu wa msichana?"

Sikulala vizuri.

Ijumaa, 25 Chaitra

Hila ya pili: nikiri, kisha nizimie papo hapo. Nani atamgombeza mzee aliyezimia?

Nilimkuta Pelaram barazani kwake, anakula bisi za mchele kwa pilipili mbichi. Nikakiri yote. Nikaanza kuanguka, taratibu. Akaniambia niangukie upande wa pili, nisimmwagie bisi.

Kisha akasema alijua tangu siku ile ile. Nta aliitoa kwa kijiti cha mwarobaini. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Ningemwambia nani, Haradhan? Mwamuzi alikuwa baba yako. Angekupa hata kama ungecheza umelala."

Miaka hamsini na tatu nimebeba dhambi ambayo hata haikuhitajika.

Nikamwomba msamaha, nikalia kweli. Akanisogezea bakuli. Akasema hataki kitu, ila Jumapili nisikilize. Nikaapa kwa mto.

Jumapili, 27 Chaitra

Niliketi, mgongo kwa uwanja. Ngoma zikaanza.

Mguu wa kwanza ulikosa pigo mara mbili. Kosa la pili lilikuwa la Tapan kabisa. Huyo huvuta kisigino tangu utotoni. Mguu wa pili ulishuka kama mvua juu ya bati. Haukukosa hata mara moja. Nilisikia vizuri. Masikio yangu hayajachoka.

Nikageuka. Tapan alikuwa ananitazama. Ana kidevu cha baba yangu.

Nikamvika Tapan njuga.

Shibani akaja, akainama, akanigusa miguu kama desturi inavyotaka. Vidole vyake vilikuwa bado na joto la ngoma. Pelaram akapita nyuma yake, polepole. Akasema, "Umekua, Haradhan. Sasa huhitaji hata nta."

Kesho nitamwandikia Shibani barua ya kukiri. Fupi. Kurasa mbili zitatosha, na nitaanza kwa kueleza kwamba usikivu wangu siku hizi si mzuri.