Kwaya Kumi na Mbili, Kinanda Kimoja

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Baridi ya Iringa haina adabu. Nimeandika programu na glovu mkononi.

Mchungaji amekubali. Tamasha la kwaya la Jumamosi litaendeshwa na programu yangu ya Java, siyo karatasi za Veneranda, mshereheshaji wetu. Nilimweleza kwamba karatasi ikijaa imejaa. Orodha yangu, iitwayo ArrayList, inajipanua. Kwaya ikiongezeka, nafasi inaongezeka. Ikifutwa, za nyuma zinasogea mbele kuziba pengo. Akasema basi ni kama benchi la kanisani. Nikasema ndiyo, ila hakuna mama atakayeshika nafasi kwa pochi.

Mshindi anapata kinanda. Mama Blandina, mwenyekiti wa kwaya yetu, ameshatoa onyo: tukirudi mikono mitupu, siongozi tena waimbaji, anaongoza Isaka. Isaka huongoza kwa kichwa, kama kuku anayekunywa maji.

Jumatano, 13 Agosti

Jaribio. Aibu.

Programu inaita kwaya ya kwanza, inaifuta, inahamia nafasi ya pili. Lakini ya kwanza ikifutwa, ya pili imeshasogea kuwa ya kwanza. Inarukwa. Inaitwa ya tatu. Kwaya kumi na mbili, zimeitwa sita.

Nikampigia Saulo wa Mbeya. Anafundisha kompyuta, na anaongoza kwaya yao ya Uyole. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Akasema kosa hilo hata kidato cha pili wameshaliacha. Orodha ipitie kuanzia nyuma kaka Dastan, au usifute kitu. Nikamshukuru. Angeishia hapo tungebaki marafiki. Akaongeza kwamba mke wake ameshashona kitambaa cha kufunikia kinanda.

Nimeacha kosa kama lilivyo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeorodhesha kwaya zilizonikosea. Uyole, kwa kitambaa. Kwaya ya vijana, walioninyima maikrofoni Pasaka. Kwaya ya Tekla, kwa sababu ya Tekla. Na kadhalika. Nilipomaliza zilikuwa sita kati ya kumi na mbili. Nusu kamili. Niliona mkono wa Mungu.

Maadui wote nafasi za shufwa, zile zinazorukwa: pili, nne, sita, mpaka mwisho. Marafiki nafasi za witiri. Sisi wa kwanza.

Jioni wazee wa kanisa wakauliza kama mashine itatenda haki. Nikasimama. Nikasema mashine haina shemeji, itakachosema ndio mwisho. Walipiga makofi. Veneranda, ambaye ndiye atakayebonyeza kitufe, hakupiga.

Jumamosi, 16 Agosti

Kabla ya sala ya kufungua, lori likaingia uwanjani. Kwaya kutoka Mgololo. Hawakualikwa, walisikia tu. Mchungaji akaagiza waongezwe. Nikamwambia hakuna shida, orodha inapanuka, nikawaweka mwisho. Akakataa. Mgeni wa mbali asiyelala hapa huimba kwanza, ana safari ya kurudi. Ndivyo tulivyolelewa.

Nikawaweka wa kwanza. Wengine wote wakasogea hatua moja nyuma, bila purukushani. Nikamwita mchungaji aone uzuri wa teknolojia. Mama Blandina akauliza mbona sasa sisi ni wa pili. Nikamwambia mama, nafasi ya pili ni tamu, majaji wameshachangamka.

Mgololo walipofika ubeti wa tatu ndipo nilipoelewa: pili ni shufwa.

Nikakimbia kwa Veneranda. Nikamwomba kompyuta kidogo, nirekebishe jambo dogo sana. Akaikumbatia. Akasema mashine haina shemeji. Akabonyeza. Kioo kikaandika: Uyole. Saulo akapita mbele yangu, kitambaa begani, akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Waliimba maadui wote sita. Mmoja baada ya mwingine, kwa ukamilifu ambao sijawahi kuupata katika kazi yangu yoyote. Kisha kioo kikaandika: Tamasha limekwisha. Marafiki zangu wote walikuwa nyuma ya turubai wakiwa na majoho, wakipasha sauti. Mama Blandina alikuwa bado ananyoosha kola yangu.

Kinanda kimeenda Uyole. Saulo alinishukuru kwenye maikrofoni, kwa Kinyakyusa na kwa jina. Ndaga fijo, Dastan.

Jumatatu, 18 Agosti

Isaka ameanza kazi. Mimi nabeba majoho. Mama Blandina amesema nisiyakunje, nitakosea.

Mchungaji peke yake ana furaha. Tamasha limeisha kabla ya pilau kupoa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Amenikabidhi na la mwakani. Veneranda alitoka nje kupata hewa.

Saulo amenitumia programu iliyorekebishwa. Amebadili mstari mmoja tu. Nimeifuta. Programu haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mgeni mmoja. Wangekuwa wawili, kila kwaya ingesogea hatua mbili na adui angebaki kwenye shufwa yake. Hesabu ya darasa la pili.

Mgololo wameshaahidi kurudi mwakani. Kwa hiyo leo nimepiga simu Chunya, nikawaalika rasmi wawe wageni wa pili. Mwalimu wao, Yotamu, amekubali papo hapo. Akauliza kama wanaweza kuja na kwaya yao ya watoto, iitwe peke yake, iimbe wimbo wake mmoja.

Nimemwambia awalete. Watoto hawana uzito.