Kipaumbele cha Afande

Tunayo furaha kuutangazia umma wa Kibera, Kawangware na viunga vyake kwamba suala la mguu wa Afande limeshughulikiwa kikamilifu, kwa uwazi, na kwa kuwashirikisha wadau wote isipokuwa Afande mwenyewe, ambaye alialikwa lakini hakuweza kupanda ngazi.

Mimi ni Osewe, katibu wa Kamati ya Dharura ya Mguu wa Afande. Nilipewa ukatibu kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Sababu nyingine, ambayo haikutajwa kikaoni, ni kwamba Afande alikuwa mbwa wa kaka yangu.

Kaka yangu Omolo alikuwa soja wa geti kwenye stoo ya simiti pale Gatina, Kawangware, lakini alikaa Kibera. Kila jioni alitembea hadi kazini, mbwa akimfuata, na kila asubuhi wakarudi. Alimwita Afande kwa sababu zake. "Maisha yangu yote nimeita watu afande," alikuwa akisema. "Mimi pia nataka afande mmoja mwenye akiniona anasimama." Omolo alifariki wakati wa mvua ndefu. Tulimzika kwetu, upande wa ziwa. Mbwa hakuarifiwa rasmi. Tuliporudi Nairobi tukaambiwa anaenda kazini kila jioni, peke yake.

Ni katika safari hizo ndipo alipoanza kukusanya majeraha. Mguu wa mbele wa kulia ulikatwa na bati, ukatunga usaha. Wa mbele wa kushoto uling'oka kucha. Wa nyuma wa kushoto uligongwa na bodaboda pale Kongo ya Kawangware, ukabaki unaning'inia kama soksi kwenye kamba. Wa nyuma wa kulia ulikuwa mzima, ila umechoka kwa kufanya kazi ya wenzake.

Mjane wa Omolo, Adhis, akaenda Ofisi ya Uratibu wa Mitaa Miwili, akapiga kelele dirishani: "Afande ameumia mguu! Ako chini, hawezi tembea!"

Ofisi haikuwahi kusonga kwa kasi ile. Kabla ya chai ya saa nne, Mheshimiwa Ndeti, Mratibu Mkuu, alikuwa ameunda kamati, ameidhinisha matibabu ya mguu, ameagiza hema, na ametuma salamu za pole kwa familia ya afande huyo shupavu aliyeumia akilinda raia. Adhis akafafanua kwamba Afande ana mkia. Mheshimiwa akalitazama hema likiteremshwa kutoka kwenye lori.

"Mama," akasema, "ofisi hii haibagui."

Tukakutana katika ukumbi ulio juu ya duka la magodoro. Walikuwepo Mheshimiwa Ndeti kwenye kiti cha mwenyekiti, Mzee Fadlalla, Mnubi mwenye nyumba nyingi za kupangisha Kibera, Bwana Murunga, mwenye bucha pale Kabiro, Daktari Kiarie wa mifugo, mkoba wake mapajani, na mimi. Adhis alikaa nyuma kama mtazamaji. Kwa kuwa utaratibu unamtaka mwenye mgonjwa awe mjumbe, niliandika chini ya waliokosa kwa udhuru: Omolo.

"Huyu Omolo yuko wapi?" Mheshimiwa akauliza.

"Ametoa udhuru, Mheshimiwa."

"Safi. Wengine hata udhuru hawatoi."

Daktari Kiarie akatoa taarifa. Kidonda cha mbele kilikuwa kinaoza. Kikifika begani, mbwa atadungwa sindano ya kulala, na hiyo si ya kuamka.

"Basi si uanze na hicho?" Adhis akasema kutoka nyuma.

"Mama, mimi niko tayari. Nangoja tu kuambiwa."

Tatizo lilikuwa dogo lakini la kimsingi. Idhini ilisema matibabu ya mguu. Mmoja. Afande alikuwa amekuja na mitatu.

Mzee Fadlalla akaomba nafasi. "Bismillahi. Mimi kwa dini yangu simgusi mbwa, lakini haki yake siwezi kuikalia. Ndugu zangu, neno lenyewe linatuonyesha njia. Tumeitwa hapa tuamue kipaumbele. Kipaumbele ni kumpa wa mbele. Kama tungetakiwa kuanza na nyuma, tungeitwa tuamue kipaunyuma."

Tulipiga makofi. Daktari Kiarie akafungua zipu ya mkoba hadi katikati.

"Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa!" Bwana Murunga akasimama. "Nimekata nyama Kabiro miaka mingi. Mteja akiingia namuuliza, mkono ama mguu? Mbele ni mkono. Nyuma ndiyo mguu. Sijaona mtu amekula mguu ya mbele."

"Huyu ni mbwa, si mbuzi," Adhis akasema.

"Mama, mfumo ni ule ule."

Mheshimiwa akanigeukia. "Katibu, tuna mamlaka ya kutibu mkono?"

Nikaangalia idhini. Ilisema mguu. Daktari Kiarie akafunga zipu.

Hapo ndipo kamati ilipotambua uzito wa kazi yake. Mbele kulikuwa na kipaumbele lakini hakukuwa na miguu. Nyuma kulikuwa na miguu lakini hakukuwa na kipaumbele. Kikao kikaahirishwa ili twende nyanjani tukathibitishe kwa macho yetu kama Afande hutembea kwa mikono.

Jioni hiyo tukamfuata njia yake ya kazini. Aliruka hatua chache, akaanguka, akaruka tena. Nilitaka kumbeba, lakini Mheshimiwa akasema ningevuruga utafiti. Nusu ya njia ikabidi tumkodie mkokoteni wa Lazarus, muuza maji, na kwa hiyo matokeo hayakuwa kamili. Pale Kongo vijana walikuwa wamekaa kwenye ukuta.

"Niaje, wazito! Mnaskuma mbwa?"

"Tunafanya utafiti," Mheshimiwa akajibu.

"Ya nini?"

"Kuthibitisha kama anatembea kwa mikono."

"Na nyinyi mnatembea na nini? Kichwa?"

Niliandika: wananchi walishiriki kwa hamasa.

Getini Gatina, Afande akajiburuta kutoka mkokotenini, akaenda kukaa kwenye gunia kando ya ukuta. Soja mpya hakuwa amelitupa gunia lile. Mbwa akakaa akitazama njia tuliyotoka.

"Anangoja nini?" Mheshimiwa akauliza.

"Zamu yake haijaisha," nikasema, nikajifanya natafuta kalamu.

Kikao cha pili kilianza kwa nidhamu. Mheshimiwa alikuwa amepata habari.

"Mama Adhis, nasikia umeosha kiungo kabla ya azimio."

"Nilikiosha na maji ya chumvi. Kilikuwa kinanuka."

"Unaharibu ushahidi."

"Mheshimiwa, huyo mbwa akifa mimi nitabaki na nini? Koti ya Omolo ilizikwa naye. Tochi ni ya kampuni, walikuja wakachukua. Kitu ya Omolo yenye bado inapumua ni hiyo tu."

Mheshimiwa akaguswa sana, akaagiza chai.

Baada ya chai akapata ufumbuzi. Aliusema polepole ili nisipitwe na neno. "Upo mguu mmoja unaotimiza masharti yote. Ni wa nyuma, kwa hiyo ni mguu, Bwana Murunga hawezi kupinga. Na kupona kwake kuna uhakika."

"Upi huo?" akauliza Mzee Fadlalla.

"Wa nyuma, kulia."

"Lakini huo ni mzima!" Adhis akasema.

"Ndiyo maana tunaanza nao, mama. Ofisi hii haiwezi kuanza na kushindwa."

"Na kipaumbele?" Mzee akauliza. Mheshimiwa akamwambia mbwa atageuzwa, kisha nyuma itakuwa mbele. Mzee akaridhika.

Azimio likapita bila kupingwa. Likafanywa mwongozo wa kudumu: kiungo chenye uhakika wa kupona kitangulie. Nilikuwa nimeandika "kwa mbwa yeyote", lakini Mheshimiwa akachungulia, akanisahihisha. "Andika 'kwa kiumbe yeyote ndani ya mitaa miwili.' Tusionekane tunabagua." Nikaandika.

Uzinduzi ulifanyika mbele ya ofisi, Kibera. Hema lilifunga barabara kutoka kibanda cha samaki hadi msikitini, na spika zikaziba vichochoro vilivyobaki. Afande aliletwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, akageuzwa kulingana na azimio. Daktari Kiarie akaufunga ule mguu mzima kwa bendeji, imara kabisa, huku umati ukishangilia. Afande akashushwa chini. Akajaribu kusimama. Akatafuta mguu wa kusimamia, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo. Halafu akalala.

"Shem," Adhis akaninong'oneza, "sasa amebakishiwa gani?"

Mheshimiwa alikuwa anapanda jukwaani. Jukwaa lilikuwa kreti za soda zilizofunikwa zulia.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Wengine hutoa ahadi. Sisi tumefunga bendeji! Leo hii, Afande amesima—"

Kreti ya chini ikateleza. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kwa hiyo mitaa yote miwili ilisikia mguu wa kushoto wa Mheshimiwa ukivunjika, kavu, kama ukuni.

Gari la wagonjwa likaitwa. Likafika likakuta hema. Dereva akauliza nani ana mamlaka ya kuliondoa, akaambiwa ni Mheshimiwa, naye hayuko katika hali ya kutoa mamlaka. Akageuza gari, akaenda kutafuta njia nyingine, na hatujamwona tena.

"Daktari!" Mheshimiwa akapiga yowe.

"Niko hapa, Mheshimiwa."

"Mguu wangu!"

"Upi?"

"Wa kushoto! Huoni umevunjika?"

Daktari Kiarie akanitazama. Nikafungua mwongozo, nikausoma kwa sauti hadi pale palipoandikwa kiumbe yeyote. Akatikisa kichwa kukubali, akapiga magoti, akaanza kuufunga mguu wa kulia.

"Unafanya nini, wewe?"

"Naanza na wenye uhakika, Mheshimiwa."

"Na huu mchubuko wa kiwiko?" akauliza Bwana Murunga, aliyekuwa amejitolea kushika bendeji.

"Huo ni mkono," daktari akajibu. "Hatuna mamlaka."

"Nyinyi ni wazimu? Futeni huo mwongozo! Tibuni panapouma! Mkono, mguu, mkia, vyote! Kilichoharibika zaidi ndicho kitangulie!"

"Ni agizo, Mheshimiwa?" nikauliza.

"Ni agizo!"

"Kwa kiumbe yeyote?"

"Yeyote! Andika!"

Nikaandika. Mwandiko wangu, kama nilivyosema, unasomeka. Mheshimiwa akaweka sahihi huku meno yakigongana, akanyoosha mguu wake wa kushoto, akafumba macho, akangoja.

Adhis akaja akasimama kati yake na daktari. "Kilichoharibika zaidi ni cha Afande," akasema. "Chake kinaoza. Cha mkubwa kimevunjika tu."

Daktari Kiarie akafikiri kitaalamu. "Ni kweli. Kuvunjika kunaweza kungoja. Kuoza hakungoji." Akauhamisha mkoba.

Zipu ikafunguka hadi mwisho. Akakamua usaha, akaosha, akadunga sindano, akafunga. Akasafisha palipong'oka kucha, akapafunga. Akaufungua ule mguu mzima, na bendeji ileile akaitumia kufungia ule wa nyuma uliokuwa unaning'inia, pamoja na ubao wa kreti. Haikuchukua hata muda wa hotuba moja. Afande alitulia muda wote, kichwa mapajani mwa Adhis. Mheshimiwa alisubiri kwenye kiti cha plastiki, chini ya bango lenye picha yake akitabasamu.

"Subira, Mheshimiwa," Mzee Fadlalla akamwambia, akimpepea kwa programu ya sherehe. "Ni mambo ya utaratibu."

Zamu yake ilipofika, ubao ulikuwa umeisha. Alifungiwa mwiko wa wali.

Ilibaki kumfikisha hospitali, upande wa Kawangware. Chombo pekee kilichoweza kupita chini ya hema kilikuwa mkokoteni wa Lazarus. Akaondoa mitungi ya maji, akapangusa mbao.

"Nani anakaa mbele?" akauliza.

"Afande," Mzee Fadlalla akasema. "Kipaumbele ni chake."

"Na huyu mkubwa?"

"Huyu apewe kipaunyuma."

Basi tukaondoka hivyo. Mbwa mbele, kichwa juu, bendeji tatu nyeupe. Mratibu Mkuu nyuma, ameshika mwiko wake. Adhis alitembea kando. Habari ilikuwa imetangulia kupitia ile spika, na kila tulipopita watu waliacha walichokuwa wakifanya, mama wa mboga, mafundi viatu, wale vijana wa Kongo, wakasimama. "Afande! Afande anapita!" Mheshimiwa akawapungia mkono njia nzima. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza.

Tulipofika Gatina jioni ilikuwa imeingia. Afande akaliona geti, akabweka mara moja. Lazarus akausimamisha mkokoteni.

"Tumesimama kwa nini?" Mheshimiwa akalalama kutoka nyuma. "Hospitali bado iko mbele!"

"Afande anaripoti kazini," nikasema.

Nikambeba hadi kwenye gunia lake. Soja mpya alikuwa amekaa, akamwona, akainuka. Mheshimiwa akataka kujua ni nani aliyeidhinisha kituo hiki, na lazima jina lake liandikwe.

Nikafungua kumbukumbu. Nikaandika: waliokosa kwa udhuru, Omolo. Halafu nikalikata jina lile, nikaliandika upya upande wa waliohudhuria.