Usaili wa Vitendo Lizaboni

Kajetani hakuwa na kampuni wala ofisi, na kazi yenyewe alikuwa akiikwepa tangu amalize darasa la saba. Alichokuwa nacho ni tai nyekundu ya mtumba na mdomo. Na miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango, jamani, mdomo ulikuwa mtaji tosha, maana Songea kila kona ilizuka kampuni.

Kilichomkosesha usingizi ni Mzee Urbani, mkulima wa tumbaku wa Namtumbo, baba wa mchumba wake Domina. Mzee alishasema binti yake haolewi na mtu anayelala kwa shangazi. Pasaka ikifika bila nyumba, kuna mwalimu anasubiri. Kiwanja Kajetani alikuwa nacho, kule mtaa wa Lizaboni, na matofali na mabati na mbao aliachiwa na marehemu baba yake. Mafundi tu ndio walikosekana, kwa kuwa mafundi wana tabia mbaya ya kutaka kulipwa.

Basi siku moja akawakuta watu stendi wamejazana kwenye ubao, wanasoma tangazo la kazi lililopitwa na wakati miezi miwili. Moyo ukamruka kwa furaha. Watu wanaoipenda kazi namna hii, akajiambia, ni dhambi kuwanyima.

Kesho yake palibandikwa tangazo lake: kampuni ya kimataifa inaajiri mafundi, usaili ni wa vitendo.

Wakaja kumi na saba. Kajetani aliwasaili kwa haki, hilo tusimnyime. Alikaa kivulini na daftari, akauliza majina, akatikisa kichwa kwa uzito, kisha akawapeleka ukutani. Fundi mmoja, Isidori, alipanga matofali vizuri hata akaitwa usaili wa pili, wa tatu na wa nne. Maseremala walisailiwa juu ya paa. Wapaka rangi walishindanishwa chumba kwa chumba. Aliyethubutu kuuliza mshahara aliandikwa kwamba hana subira, na wenzake wakamzomea. Wiki ya tano nyumba ilikuwa imesimama, ina milango na vitasa, na Kajetani akatangaza kwamba majibu yatatoka baada ya Pasaka.

Jumamosi Kuu, Mzee Urbani akiwa njiani, akaja Lidwina, mke wa Isidori, kuomba nafasi ya mlinzi. Kajetani akaona nyumba yenye mlinzi itamtisha mkwe. Raha ilishamlevya, akampa funguo zote.

“Jifungie ndani, mama. Nitakuja kwa kila hila. Ukinifungulia, umefeli.”

Akabisha kama bwana afya, akalia kama mgonjwa, akatishia kuita polisi. Mlango haukutikisika. Akacheka mpaka machozi, akamwambia amefaulu, sasa afungue.

“Sifungui.”

“Mama, mimi ndiye meneja.”

“Hata mwizi angesema hivyo.”

Kajetani akachungulia dirishani, kicheko kikakatika. Mafundi wote kumi na saba walikuwa wameketi kwenye sakafu mpya, wanakunywa chai. Lidwina alikuwa amewaingiza kwa mlango wa uani.

Ndipo Mzee Urbani akafika, Domina nyuma yake na kuku kwapani.

“Shikamoo, baba,” Kajetani akasema kwa sauti nyembamba.

“Marahaba. Nyumba nzuri. Mbona uko nje?”

Lidwina akafungua dirisha, akamwamkia mzee kwa adabu, akamweleza yote: wiki tano, watu kumi na saba, hata kikombe cha uji hawakupewa. Kila mmoja wao ana shamba la mahindi linalongoja palizi. Bwana huyu akiyapalilia mashamba yote, funguo atapewa. Asipoweza, nyumba ni ya waliojenga.

Domina alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka. Mzee Urbani aliketi kwenye kiti cha meneja pale kivulini, akalifungua daftari kwenye ukurasa mtupu.

“Simama hapa, kijana. Jembe umewahi kushika?”

Kajetani akavitazama viganja vyake laini, kisha akaanza kuifungua tai yake nyekundu.