Mbuzi Watatu wa Ntheo na Helikopta Moja

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Ujumbe kutoka Nairobi kabla hata sijanywa chai. Kampuni yetu ya helikopta, Kanga Air, imeungana na washindani wetu, Tai Tatu. Kuanzia wiki ijayo tunaitwa Tai Kanga. Kwa nini Tai atangulie? Hakuna aliyeniuliza.

Mbaya zaidi: Kitui na Makueni zitabaki na wakala mmoja tu wa kutafuta wateja. Ama mimi, Jonah Ndululu wa Migwani, ama Gakenia wa Emali. Jina litatajwa Jumatatu ijayo. Fahali wawili hawakai zizi moja, na fahali mwenzangu ana ofisi yenye mlango wa kioo.

Namwonea wivu. Naandika hili hapa kwa sababu mke wangu Mwongeli hasomi shajara hii. Mwaka huu Gakenia amerusha maharusi, maiti na wanasiasa. Mimi nimerusha mteja mmoja, naye alitapika. Na nilifunga kibanda changu cha kuchaji simu kwa ajili ya kazi hii! Nikiikosa, nitarudi kuchaji simu za watu walewale walioniona na kitambulisho cha kampuni ya ndege shingoni. Afadhali nihame.

Jumanne, 2 Desemba

Usaliti! Mutunga, mwenye hardware hapa hapa Migwani, tunayekaa naye benchi moja kanisani, amekodi helikopta kupitia Gakenia. Jumamosi anampeleka mwanawe Evanson Matiliku, kwa kina mchumba wake Nduku, kutoa ntheo, wale mbuzi watatu wa kuoa kwa mila yetu ya Kikamba.

Nilimwendea mbio. Akakiri kwamba hajalipa bado. Nikamuuliza huyo mama Gakenia amemwahidi nini. Kuzunguka boma la wakwe mara mbili, na riboni. Riboni! Nikamwambia mimi nitawarusha pamoja na mbuzi. Wote watatu. Mutunga alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akampigia ndugu yake kumuuliza kama amewahi kusikia mbuzi wa ntheo wakishuka kutoka mawinguni. Hajawahi. Mutunga akalipa papo hapo.

Huo ndio mkakati. Mpe mteja kitu ambacho mshindani hawezi kumpa.

Jumatano, 3 Desemba

Gakenia amepiga simu. Nilitarajia matusi. Akanipongeza! Kwa sauti ya upole kabisa, eti hongera kaka Jonah. Mtu aliyenyang'anywa mteja hana haki ya kuwa mpole.

Akauliza kama rubani amekubali kubeba mbuzi. Nikamjibu hiyo ni siri ya biashara. Akauliza kama ni lazima wawe watatu. Nikamweleza, kwa subira, kwamba yeye ni mtu wa Murang'a, si Mkamba, na hawezi kuelewa. Bila mbuzi watatu Nduku bado ni wa babake, hata avalishwe pete kumi. Akashukuru. Nilisikia kalamu ikiandika. Acha aandike.

Alhamisi, 4 Desemba

Mafunzo ya mbuzi. Helikopta ina kelele, kwa hiyo nimewafunga nje ya posho mill, mashine ya kusaga unga, tangu asubuhi ili wazoee. Mmoja alilala. Mmoja alikula kipeperushi cha Kanga Air, upande wenye picha yangu. Wa tatu, beberu, alitetemeka, nikamwimbia wimbo wa kwaya. Mutunga alipita na pickup yake akasimama, akatuangalia, akatoa simu yake, akaondoka. Nadhani aliguswa.

Mwongeli ameuliza kama nimezungumza na rubani. Nikamuuliza tangu lini abiria akamwomba dereva ruhusa ya kubeba mzigo. Akaendelea kuchambua ndengu zake.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimewaandikia wakubwa Nairobi. Nimesema, bila chuki yoyote, kwamba Gakenia ni mchapakazi lakini hajui mila za wateja, na kampuni isiyojua mila za wateja huanguka. Nimeambatisha picha ya mbuzi wakiwa na riboni za Kanga Air. (Riboni si wazo lake. Riboni ni za kila mtu.)

Hawajajibu. Wamekubali.

Jumamosi, 6 Desemba

Nitaandika upesi kabla hasira haijapoa.

Rubani, Wanyoike, alitua saa tatu. Mkia wa helikopta umeandikwa Tai, milango bado Kanga. Akaona mbuzi. Akauliza hawa ni nani. Nikasema ni abiria. Akacheka. Kisha akaona sicheki.

"Boss, hiyo haiwezekani. Mimi niko na license moja tu."

Nikamweleza kuhusu posho mill. Alisema hata wangesoma chuo kikuu hawapandi. Mutunga akaniangalia. Rubani akawasha injini, na wanafunzi wangu watatu wakakata kamba wakatimua mbio kuelekea Thitani. Yule aliyekuwa amelala ndiye aliyeongoza.

Kwa kuwa nafasi ya mbuzi ilikuwa wazi, nikapanda mimi.

Matiliku yote ilikuwa uwanjani. Vigelegele! Mzee Mbithi, babake Nduku, alitusalimia mmoja mmoja, halafu akachungulia ndani ya helikopta. Akauliza mbuzi wako wapi. Akasema basi wageni wamekuja kunywa chai, na chai ipo. Nduku alikuwa mlangoni, ameshika leso mdomoni. Evanson karibu alie.

Ndipo Gakenia akatokea nyuma ya nyumba ya jirani, akiwaburuta mbuzi wengine watatu. Mutunga alimpigia simu Alhamisi, alipotoka kuniona nikimwimbia beberu! Mbuzi wametoka Migwani jana kwa pickup, wamelala kwa jirani, wameshiba, wametulia. Gakenia akamsalimia Mzee kwa Kikamba, tena safi kuliko changu. Mzee akamwita mwiitu wakwa, binti yangu. Mimi ameniita dereva.

Ntheo ikatolewa, Nduku akawa mke. Nikapewa nyama. Ilikuwa tamu sana, na hilo liliniuma kuliko yote.

Jumapili, 7 Desemba

Kanisani Evanson ametoa ushuhuda. Alimshukuru Mungu, babake, na Gakenia, kwa mpangilio huo. Nikasimama na mimi nitoe ushuhuda. Mzee wa kanisa akasema muda umekwisha. Ulikuwa haujakwisha.

Jumatatu, 8 Desemba

Wakala wa Kitui na Makueni ni Gakenia. Nilisoma ujumbe mara tano. Nilitamani kulia, nikalia kidogo.

Saa sita akapiga simu mwenyewe. Amewaomba wakubwa wanibakishe niwe msaidizi wake upande wa Migwani. Anasema ninawajua watu, na kwamba hakuna mwingine ambaye angethubutu kuwaza jambo kama lile. Mwongeli amemshukuru Mungu kwa sauti. Amesema huyo mama ana moyo mzuri, nimheshimu.

Moyo mzuri wapi! Ananiogopa. Hakuna anayemweka mshindani karibu bila kumwogopa.

Nimekubali kazi. Jioni amenitumia orodha ya wateja wake, yote, kwa kuniamini. Wa kwanza ni Kasiva wa Nunguni, anayetaka mamake apelekwe kanisani kwa helikopta siku ya Krismasi. Nimeshampigia. Nimemwambia aachane na Gakenia, mimi nitamrusha mama pamoja na kwaya nzima, wakiimba.

Amefurahi mno. Kwaya ina watu thelathini na wanane, lakini wengi wao ni wembamba.