Noti za Muda za Nyamu

Alhamisi, 26 Septemba 2019
Zimebaki siku nne noti za zamani za elfu zife kwa amri ya serikali. Kijiji kizima cha Kibugu kimekumbuka leo! Kila mtu analeta elfu kununua kiberiti. Chenji imeisha saa tatu asubuhi. Nimewaza. Nimekata daftari vipande, nikaandika Shilingi Mia, nikapiga muhuri wa duka. Noti za muda! Wateja wachukue kama chenji, wanunue nazo kwangu baadaye. Mke wangu Wanjira ameuliza kama nina homa. Wivu.

Ijumaa, 27
Ushindi! Wachuma chai wote wana noti zangu. Zao za elfu, arobaini na tatu, ziko chini ya gunia la mbolea. Benki nitaenda Jumatatu. Haraka ya nini? Nimempungia mkono Rwamba, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, kama gavana.

Jumamosi, 28
Rwamba ni nyoka. Amenunua noti zangu kwa watu, nusu bei, kisha akaja na bunda zima. Amebeba sukari, unga, mafuta, hata mizani alitaka. Tumebishana asubuhi yote. Ningekataaje? Muhuri ni wangu, na watu walikuwa wanaangalia.

Jumapili, 29
Rafu tupu. Baada ya ibada akina mama wamenizingira mlangoni mwa kanisa. Ednah, mweka hazina wao, amenipungia karatasi usoni: "Baba Mugendi, hii tutaipika na maharagwe?" Nimeahidi pesa halisi kesho.

Jumatatu, 30
Siku ya mwisho. Nimeinua gunia. Hakuna kitu! Nimekaa kwenye mbolea nikalia. Wanjira akaingia na ndoo ya maziwa, akaniambia niamke: alizipeleka benki Embu Jumamosi, nikibishana na Rwamba. Akatoa noti mpya za mia, safi, zinanukia wino! Mbona hakusema? Eti ningebuni kitu kingine kabla ya mchana. Kufikia saa nane kila mtu amepata chake. Ednah amenipa mkono. Nimemkumbatia Wanjira mbele ya wateja. Amesema nimwache apumue.

Jumanne, 1 Oktoba
Nimelala kama mtoto. Asubuhi amepita bwana mmoja wa Manyatta na noti sitini za zamani za elfu. Alichelewa benki, maskini. Nimezinunua zote kwa elfu mbili! Serikali lazima itaongeza muda. Wanjira yuko kwenye shamba la chai. Nitamwambia tukishatajirika.